“Awe na afya njema”: daktari anapima nini kwa anayeomba kazi ya polisi, na watu hukwama wapi

Kwenye tangazo la ajira la Jeshi la Polisi Tanzania, afya hupewa mistari michache tu. Mwombaji awe na afya njema ya mwili na akili iliyothibitishwa na daktari wa serikali, awe na urefu uliotajwa, asiwe na michoro mwilini, asiwe ametumia dawa za kulevya. Kijana anaisoma harakaharaka kisha anahangaika na vyeti, namba ya NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Afya anaiacha hadi wiki ya mwisho, na hilo ndilo kosa linalowagharimu wengi. Sehemu kubwa ya yanayowaangusha waombaji hutibika au hurekebishika, ila si ndani ya siku tano.

Kuna jambo la kulielewa kabla ya kipimo chochote. Daktari hajiulizi tu kama unaumwa. Anajiuliza kama mwili huu utahimili miezi ya mchakamchaka, kwata na kulala bwenini na mamia ya wenzako, na baada ya hapo kazi ya zamu, jua, kusimama saa nyingi na kubeba silaha. Ndiyo maana mtu ambaye hajalazwa hata siku moja anaweza kukataliwa, na mwenye kovu la upasuaji tumboni akapita. Elewa pia kwamba karatasi ya hospitali haimalizi habari. Kwenye usaili utapimwa urefu na kukaguliwa upya, na ugonjwa uliofichwa ukipenya hapo, wiki za kwanza za mafunzo pale Shule ya Polisi Moshi huufichua bila huruma.

Urefu: nukta moja inayowaponza watu

Matangazo ya miaka ya karibuni yametaja futi 5 inchi 8 kwa wanaume na futi 5 inchi 4 kwa wanawake. Soma tangazo la mwaka wako, kwa sababu masharti hubadilika na kada za kitaalamu huweza kuwa na yake. Kosa la kawaida ni kuandika au kuelewa kwamba futi 5 inchi 8 ni sawa na “5.8”. Futi moja ina inchi 12, si 10. Futi 5 inchi 8 ni sentimita 172.7, na futi 5 inchi 4 ni sentimita 162.6. Ukizidisha 5.8 kwa sentimita 30.48 unapata karibu 176.8, yaani sentimita nne zaidi ya kinachotakiwa. Kuna vijana wanaojitoa wenyewe kwa hesabu hii, na wapo wanaokwenda wakiamini wametimiza kumbe mashine ya duka la dawa iliwapima na viatu.

Jipime hivi: vua viatu na soksi, simama kwenye sakafu ngumu, visigino, makalio na mgongo viguse ukuta, tazama mbele moja kwa moja. Usiinue kidevu, maana kukiinua hurudisha kisogo nyuma na kupunguza kipimo. Mtu mwingine aweke kitabu kigumu kichwani kikiwa kimekaa pembe mraba na ukuta, aweke alama, kisha mpime kwa futikamba ya chuma. Nywele zilizosukwa juu au rasta bandia hazihesabiki, na anayepima ana haki ya kuzikandamiza. Uti wa mgongo hufupika kadiri siku inavyokwenda, kwa kama sentimita moja, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea saa chache za kwanza baada ya kuamka. Aliye pembezoni kabisa mwa kipimo afike asubuhi mapema. Dawa za kurefusha zinazouzwa mtandaoni hazifanyi kitu kwa mtu ambaye mifupa yake imeshafunga, na kwa walio wengi imefunga kabla ya miaka 20.

Uzito hautajwi kwa kilo kwenye tangazo la polisi, tofauti na jeshi la ulinzi la Kenya ambalo hutaja kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Daktari hata hivyo hukupima na kuulinganisha na urefu: kilo gawanya kwa mita mara mita. Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 hadi chini ya 25 kuwa uzito wa kawaida. Kwa kijana wa sentimita 172.7 hiyo ni kati ya kilo 55 na 74 hivi. Aliyezidi kidogo kwa sababu ya misuli hana shida, kwani daktari anamwona kwa macho. Mwenye kilo 48 kwa urefu huo ndiye atakayeulizwa maswali, kwa sababu wembamba wa namna hiyo huamsha wasiwasi wa kifua kikuu, minyoo au kisukari.

Macho

Ubao wa herufi husomwa ukiwa mita 6, jicho moja baada ya jingine. Ukiandikiwa 6/6, maana yake unaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 6. Ukiandikiwa 6/12, unalazimika kusogea hadi mita 6 kuona kitu ambacho mwenzako anakiona akiwa mita 12. Namba ya chini ikizidi kukua, uoni umezidi kupungua; 6/60 ni kuona ile herufi kubwa ya juu peke yake.

Kuvaa miwani si lazima kuwe mwisho wa safari. Nchi nyingi hupima uoni kwa namna mbili, bila miwani na ukiwa nayo. Polisi wa Uingereza, kwa mfano, wamekuwa wakikubali hadi 6/36 bila miwani ilimradi ukiivaa uone vizuri. Lakini usijifiche. Ukikunja macho ili usome, mpimaji ataona. Ukichungulia kwa upenyo wa vidole, atakubadilishia kifuniko. Fanya kinyume chake: nenda kliniki ya macho miezi kadhaa kabla, upimwe, uwe na miwani sahihi na karatasi yake. Wengi wanaosema “sioni mbali” wana tatizo dogo la lenzi linalorekebishwa siku hiyohiyo.

Upofu wa rangi haurekebishwi, na walio nao wengi hawajui kabisa. Hupimwa kwa kitabu cha Ishihara, chenye kurasa 38 za nukta za rangi zinazounda namba. Ukurasa wa kwanza una 12 na kila mtu huiona, hata asiyetofautisha nyekundu na kijani. Umewekwa ili kumnasa anayedanganya. Kuna ukurasa ambao mwenye macho ya kawaida husoma 74 na mwenye kasoro husoma 21, na kuna kurasa ambazo aliye mzima haoni namba yoyote ilhali mwenye kasoro anaiona. Ndiyo maana kukariri majibu kutoka kwenye simu huwaumbua watu: kurasa hubadilishwa mpangilio, na anayetaja namba mahali pasipo na namba amejisema mwenyewe. Kasoro hii hurithiwa kupitia kromosomu X, kwa hiyo huwapata zaidi wanaume, na mara nyingi mjomba upande wa mama anayo pia. Jipime mapema, kwa kitabu halisi na kwenye mwanga wa mchana. Skrini ya simu iliyowekwa hali ya usiku hupotosha rangi.

Presha: namba inayopanda kwa hofu

Katika vipimo vyote, hiki ndicho kinachowaangusha watu wazima wa afya kwa sababu zisizo na maana. Mpaka unaotumiwa hospitali nyingi ni 140/90. Kijana wa miaka 22 anafika akiwa amelala saa tatu ndani ya basi, amekunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, amebana mkojo, amesimama foleni juani, kisha anaketi na kupimwa papo hapo huku akijibu maswali. Mashine inaandika 152/94. Si ugonjwa huo, ni mazingira. Kuna hata presha inayopanda kwa sababu tu mbele yako kuna mtu mwenye koti jeupe.

Ili kipimo kiwe cha haki, usinywe kahawa, chai kali wala vinywaji vya nguvu, na usivute sigara, kwa nusu saa kabla. Saa kadhaa ni bora zaidi. Kojoa. Keti dakika tano mgongo ukiwa umeegemea, miguu miwili ikanyage chini bila kupishana, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee wakati mashine inafanya kazi. Kama una mkono mnene wa mazoezi, omba mkanda mkubwa, kwa sababu mkanda mdogo unaobana mkono mkubwa husoma juu kuliko ukweli. Ikija juu, omba kwa heshima kurudiwa baada ya kupumzika. Daktari makini hupima zaidi ya mara moja kabla ya kuandika.

Ikiwa inabaki juu siku tatu tofauti, hilo ni jambo jingine. Presha ya kweli kwa kijana huweza kuwa na chanzo kwenye figo au homoni, na inahitaji kuchunguzwa hata kama polisi usingeiomba kabisa. Kumeza kidonge cha presha cha bibi asubuhi ya usaili ni hatari: unaweza kuzimia kwenye mbio mchana wake.

Mkojo na damu

Kijiti cha mkojo husoma vitu kadhaa kwa pamoja: sukari, protini, damu, dalili za maambukizi. Protini huweza kuonekana kwa mtu mzima kabisa aliyekimbia kilomita kumi asubuhi hiyo. Basi siku ya vipimo usifanye mazoezi makali. Msichana aliye hedhini aseme mapema, kwa sababu damu itaingia kwenye sampuli na kusomeka kama ugonjwa. Aombe kurudi baada ya siku kadhaa.

Kwa waliokulia Kanda ya Ziwa na maeneo ya mabwawa na mpunga, damu kwenye mkojo mara nyingi ni kichocho. Hakiumi sana, mtu huishi nacho tangu shule ya msingi. Dawa yake ni praziquantel, na hutolewa kwa kipimo cha uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, kwa kawaida dozi moja. Damu haikomi siku inayofuata. Yapasa kurudi kupima baada ya wiki kadhaa. Hapa ndipo aliyechelewa anaponaswa: ametibiwa kweli, lakini fomu yake bado inasoma damu.

Kwenye damu huangaliwa wingi wake, sukari, homa ya ini na kaswende, na mahali pengine sikoseli. Upungufu wa damu huanzia chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Safura ya minyoo, hedhi nzito na lishe duni ndizo sababu za kawaida. Vidonge vya madini ya chuma huhitaji miezi miwili hadi mitatu kujaza akiba, hivyo juisi ya rozela ya wiki moja haitakuokoa.

Sikoseli inastahili ufafanuzi, kwa sababu karatasi huja na herufi na watu huogopa. SS ni mgonjwa, na mafunzo ya kikuruta yanaweza kumuua. AS ni mbebaji: ana jeni moja tu ya sikoseli, haumwi, na mwilini mwake hana kasoro ya kila siku. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na sikoseli duniani, kwa hiyo wabebaji ni wengi mno mitaani na vikosini. Lakini mbebaji ajue hali yake. Kwa makuruta wa kijeshi nchini Marekani imethibitika kwamba wachache wenye AS huweza kuanguka na kuharibika misuli wanapolazimishwa kukimbia kwa nguvu zote kwenye joto bila kunywa maji ya kutosha. Kinga yake ni kuanza mazoezi taratibu, kunywa maji, na kutojikaza pale misuli inapolegea ghafla.

Kuhusu VVU, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imeweka kwamba upimaji uendane na ridhaa, ushauri nasaha na usiri wa majibu. Kenya imekwenda wazi zaidi: sheria yao ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe VVU kama sharti la kuajiriwa. Popote ulipo, majibu hayo hayatakiwi kusomwa kwa sauti mbele ya foleni.

Dawa za kulevya hupimwa kwenye mkojo. Aliyevuta bangi mara moja huweza kuwa safi baada ya siku chache, ila mvutaji wa kila siku huweza kukutwa nayo hata mwezi baadaye, kwa kuwa hujificha kwenye mafuta ya mwili. Maji mengi hufanya mkojo uwe mwepesi kupita kiasi, na maabara huutilia shaka mkojo wa namna hiyo. Mirungi nayo ni marufuku Tanzania, hata kama ng'ambo ya mpaka wa Kenya inauzwa hadharani. Na kama umekunywa dawa ya kikohozi yenye codeine, sema kabla ya kutoa sampuli na uoneshe cheti cha daktari, kwa sababu itasomeka katika kundi moja na heroini.

Vitu vinavyoonekana kwa macho

Utavua nguo. Mwanamume ataambiwa akohoe huku daktari ameweka vidole kinenani, anatafuta ngiri. Busha pia huonekana hapo, na watu wa Pwani, Lindi na Mtwara wanalifahamu. Vyote viwili hutibiwa kwa upasuaji wa kawaida hospitali ya mkoa, lakini baada ya kushonwa ngiri mtu huambiwa asibebe vizito kwa wiki nne hadi sita. Aliyefanyiwa wiki mbili kabla ya usaili hatapita, na hapaswi kupita. Mwanamke ana haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani.

Nyayo bapa zinaogopwa kuliko zinavyostahili. Simama kwa vidole vya miguu: kama upinde wa unyayo unajitokeza, unyayo wako ni laini na kwa kawaida hauleti shida. Kama unabaki bapa na unauma, hiyo ni nyingine. Matege na magoti yanayogongana huangaliwa ukisimama miguu pamoja. Kiasi kidogo ni maumbile tu, kinachotazamwa ni kama unakimbia bila kuchechemea.

Meno ya kahawia yanawasumbua vijana wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara bila sababu. Rangi ile hutokana na madini ya floridi kwenye maji waliyokunywa utotoni, juu ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Si kuoza. Kinachoangaliwa ni matundu, usaha na meno yaliyong'olewa mengi kiasi cha kushindwa kutafuna. Ziba matundu, usihangaike na rangi. Hatari ni floridi iliyofika kwenye mifupa na kukaza viungo, na hiyo utaijua mwenyewe kwa kushindwa kuchuchumaa.

Masikioni, nta iliyokauka humfanya mtu aonekane kiziwi nusu. Pamba za vijiti huisukuma ndani zaidi. Isafishwe kliniki, siku kadhaa kabla. Sikio linalotoa usaha mara nyingi lina tundu kwenye ngoma. Usilitie mafuta wala maji, liende kwa daktari wa masikio.

Ujauzito hukaguliwa kwa wasichana, na hauruhusiwi wakati wa mafunzo. Hilo ni hivyo Kenya pia.

Maswali ya historia: degedege si kifafa

Fomu itauliza kama umewahi kuwa na kifafa, pumu, kifua kikuu, ugonjwa wa akili, upasuaji. Hapa watu hujiangusha kwa kujieleza vibaya. Mama amewahi kukwambia ulikuwa na degedege ukiwa mdogo, unaandika “kifafa: ndiyo”. Degedege la homa hutokea kati ya miezi sita na miaka mitano, mtoto akiwa na joto kali, na walio wengi sana hawapati kifafa maishani. Kifafa ni mishtuko inayojirudia bila homa, na kwa mtu atakayebeba bunduki ni kikwazo cha kweli. Eleza umri ulipokupata na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kwa pumu, swali ni lini ulishikwa mara ya mwisho na kama kukimbia kunakubana kifua. Iliyoisha ukiwa na miaka 8 ni tofauti na ile inayohitaji pampu kila vumbi linapotimka. Aliyemaliza dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida ni miezi sita, abebe kadi yake ya kumaliza tiba. Picha ya kifua itaonesha kovu, na bila kadi hiyo kovu na ugonjwa ulio hai hufanana.

Karatasi yenyewe

Fomu nyingi hurudishwa wala si kwa ugonjwa. Imegongwa muhuri wa zahanati binafsi wakati tangazo linataka daktari wa serikali. Imesainiwa bila jina wala namba ya usajili ya daktari. Jina limeandikwa “Juma A. Hamisi” wakati kitambulisho cha NIDA na cheti cha kidato cha nne vinasema “Juma Ally Hamisi”. Sehemu ya majibu ya maabara imeachwa wazi, au kipimo kimeandikwa “kawaida” bila namba. Soma kila ukurasa kabla ya kutoka hospitali, ukiwa bado dirishani, kwa sababu kumpata daktari yuleyule siku ya tatu ni kazi nyingine.

Nenda hospitali ya wilaya miezi sita kabla ya msimu unaoutarajia. Muda huo unatosha kutibu kifua kikuu, kujaza damu, kupona ngiri, kupata miwani, na kumaliza chanjo tatu za homa ya ini, ambazo hutolewa mwanzo, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Ukikataliwa, omba uambiwe jina la tatizo, si neno “hujafaulu” peke yake, kisha umwone daktari bingwa wa eneo hilo ukiwa na picha na majibu yote mkononi. Ukirudi msimu mwingine, beba maelezo yake ya maandishi yenye tarehe ya tiba na kipimo cha marudio.